Dole la Subilaga

"Mama, mimi si mtoto wa chekechea," Subilaga alisema kwa sauti ya chini, akitupa macho huku na huku asije akaonwa na wakubwa wa kazi. "Umenifikisha, ahsante. Sasa rudi nyumbani."

"Nani kakuambia nimekuja kwa ajili yako? Nimekuja kupumzisha miguu." Mama yake akajibwaga kwenye benchi la mbele kabisa, kapu la ndizi za kuchemsha mapajani. "Nenda kazini. Mimi sipo."

Lakini alikuwapo mzima mzima, na kila aliyeamkia Hospitali ya Lwangili asubuhi ile ya ukungu alimwona: mwanamke mfupi, kitenge kimekazwa kiunoni kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi, macho hayabanduki kwenye kibanda cha kioo kilichokuwa mbele ya ukumbi. Ndani ya kibanda hicho palikuwa na kiti kimoja cha magurudumu, meza moja, na juu ya meza kidude cheusi chenye shimo la kuingiza dole gumba. Hicho kiti ndicho mama huyo alichokililia kwa Mungu miezi minane.

Mama Subi alikuwa na darasa lake la saba na hakulionea haya. Aliyekuwa na vyeti ni mwanawe, miaka mitatu chuoni akijifunza kupiga picha za ndani ya mwili. Alipohitimu, njia za kazi zilikuwa nne, na wote waliosoma naye walitawanyika humo. Lugano alikwenda kiwanda cha maparachichi, kupiga picha matunda yanayopelekwa ng'ambo yasije yakawa na funza ndani. Mama Subi alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini. "Mtu asome miaka mitatu akapige picha parachichi? Parachichi si linabonyezwa kwa kidole tu!" Tumpe alikwenda mjini kufundisha mashine kusoma picha, yaani, kama Mama Subi alivyoliona, kumnolea panga mtu atakayekukata. Njia ya tatu ilikuwa ya kisanduku: unabeba mgongoni kijimashine kidogo, unapanda vilimani kijiji kwa kijiji, mvua yako na matope yako, unapiga picha na kuzisoma kwa macho yako mwenyewe. Hiyo ndiyo Subilaga aliyoitaka.

"Huko kuna nini?" mama yake alimwuliza. "Nyoka na mawe. Umesoma ili unyeshewe?"

Njia ya nne ilikuwa dole. Nyumba unapewa, maji ya bomba ndani, na kwaya nzima ya kanisani ilikwisha tangaziwa. Mama ndiye aliyeichagua. Sikilizeni vizuri hapo, ninyi wenye watoto vyuoni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na hapo ndipo ilipokuwa na sumu yake. Mashine kubwa ya hospitali iliitwa Msomi. Msomi alipiga picha, akaisoma mwenyewe, akaandika ripoti mwenyewe, akaipandisha ghorofa ya tatu kwa Mikono, ile mitambo ya kupasua isiyotetemeka wala kupiga chafya. Katikati ya Msomi na Mikono sheria iliweka kitu kimoja tu chenye damu: dole la binadamu. Ripoti ikifika kibandani, utepe mwekundu unawaka juu ya kioo na kuanza kupungua. Ni dakika tano. Kabla haujaisha, mweka dole anaweka dole, na Mikono inaanza kazi. Mambo yakiharibika, anayesimama mahakamani si Msomi. Ndiyo sababu kibanda kilikuwa cha kioo: ndugu wa mgonjwa wamwone mtu wa kulaumiwa.

Na ukikataa? Ukikataa, ukaonekana ulikataa bure, leseni yako inafungwa nchi nzima, maisha. Hata wa maparachichi hawakutaki.

"Kwa hiyo wewe weka tu," Mama Subi alikuwa amemwambia asubuhi ile wakati wa uji. "Msomi kasoma kuliko wewe. Weka, mwanangu, uje nyumbani."

*

Mgonjwa wa tatu alikuwa Mzee Ambindwile, fundi wa boila wa kiwanda cha chai, mrefu, mkimya, anakojoa damu tangu mwezi uliopita wala haumwi popote. Mkewe, Bi Sekela, alimsindikiza mpaka mlangoni, kisha akaja kukaa karibu na Mama Subi na kupumua kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Ndaga, habari za asubuhi, mwenzangu. Una mgonjwa humo?"

"Nina mtoto. Yule pale kwenye kioo, ndiye mweka dole." Mama Subi alijaribu kulisema kama jambo dogo, likamshinda. "Leo ndiyo anaanza."

"Ee! Basi mwambie awe na mkono wa baraka. Wanasema huenda figo moja imeoza, na ikionekana inatolewa leo leo. Mume wangu ndiye huyo mmoja, sina wa akiba."

"Mashine haikosei, mama. Chukua ndizi."

Bi Sekela alichukua ndizi, akamenya, akala nusu. Kupitia kioo walimwona Subilaga akimlaza mzee kitandani mwa Msomi, chumba cha nyuma ya kibanda. Kabla hajatoka, alitoa mfukoni kijiherufi cha madini ya risasi, kizito, kidogo kama ukucha, akakibandika ubavuni mwa mzee kwa plasta.

Msimamizi, Bwana Gwakisa, alikuwa amesimama nyuma ya kiti akiwa na kalamu sikioni. Sauti yake ilipita kwenye tundu la kusemea ikafika ukumbini. "Hicho nini tena?"

"Herufi ya kushoto, Bwana Gwakisa. Chuoni Mwalimu Lwitiko alitukataza kupiga picha bila kuweka alama ya upande na jina letu."

"Mwalimu Lwitiko anafundisha mambo ya kale. Msomi akiona chuma juu ya mwili anakifuta, anakiita uchafu. Unajisumbua."

"Sijisumbui sana," Subilaga alisema, akafunga mlango.

Mama Subi aling'ata mdomo. Siku ya kwanza tu, na ameanza ubishi! Huyu ni baba yake mtupu.

"Binti yako anajiamini," Bi Sekela alisema. Kisha akasogea karibu na kucheka pembeni mwa mdomo, kicheko cha wanawake wakiwa peke yao. "Anahangaika na kushoto na kulia! Angejua mume wangu alivyo. Huyu bwana kila kitu chake kinyume. Miaka thelathini na miwili nalala kifuani pake, na moyo wake unagonga huku." Alijigonga titi la kulia. "Huku, mwenzangu! Nilipoolewa nilidhani mimi ndiye nimelala vibaya. Nikamwambia mama mkwe. Akaniambia, nyamaza, mwili wa mume hausemwi barazani, watu watasema tumezaa kioja. Basi nikanyamaza. Hata yeye mwenyewe sijui kama anajua."

Wakacheka wote wawili. Kipaza sauti kikaita ndugu wa Ambindwile apande ghorofa ya tatu kuchukua nguo na viatu vya mgonjwa, na Bi Sekela akaondoka na ile nusu ya ndizi mkononi.

*

Utepe ukawaka.

Mama Subi aliupenda utepe ule. Mara mbili asubuhi ile ulikuwa umewaka, mara mbili mwanawe ameweka dole, ukageuka kijani, na moyo wa mama ukaimba. Safari hii alimwona Subilaga akiinamia ripoti. Akaisoma. Akairudia. Akaweka kidole chini kabisa, kwenye vijimaandishi vidogo ambavyo watu huviruka.

"Bwana Gwakisa, hebu njoo. Ripoti inasema figo ya kulia ndiyo mbovu, iondolewe."

"Sawa. Weka dole."

"Soma hapa chini. 'Kipande cha chuma kimefutwa: upande wa kulia.'"

"Si nilikuambia atakifuta?"

"Mimi nilikibandika kushoto."

Bwana Gwakisa alitoa kalamu sikioni, akairudisha. "Basi ulibandika kulia."

"Kushoto na kulia nazijua."

"Kila mtu anazijua mpaka siku anapozisahau. Ndiyo maana tukanunua Msomi. Mtoto wangu, zimebaki dakika nne. Kijana aliyekaa kiti hicho kabla yako naye alijua. Akakataa. Picha mbichi ikafunguliwa, haikuonekana kasoro yoyote. Leo hii anachunga mbuzi wa mjomba wake, na diploma yake ukutani."

Subilaga aliutazama mlango wa Msomi, uliokuwa umejifunga mpaka utepe uishe. Kisha akainamia tundu la kusemea.

"Mama!"

Mama Subi alishtuka kama aliyekamatwa. "Abee?"

"Mke wa yule mzee yuko wapi?"

"Wamemwita juu."

"Mlikuwa mnaongea. Amekuambia chochote kuhusu mwili wa mumewe? Kitu chochote kisicho cha kawaida?"

Hapo ndipo pa kumwangalia mama huyu, na ambaye hajawahi kuwa mzazi asimhukumu haraka. Jibu lilikuwa ulimini, limeiva. Lakini aliona mbali kuliko jibu. Aliona akilisema, mwanawe akikataa, na lile neno la Bi Sekela likiwa ni porojo tu za wanawake benchini. Aliona leseni ikifungwa. Aliona kwaya ikinong'ona, na Subilaga akitembea nyuma ya mbuzi kwenye mvua. Mashine iliyosoma kuliko madaktari itashindwa na masikio ya mwanamke aliyelala kifuani?

"Hakuna," alisema. "Tuliongea habari za ndizi."

Subilaga alimtazama kidogo, akarudi kwenye kiti.

Dakika tatu. Watu ukumbini waliendelea kupiga miayo na kubembeleza watoto. Mama Subi alishika mpini wa kapu kwa mikono miwili. Alijiambia kwamba hajui kitu, yeye wa darasa la saba atajua nini. Alijiambia kwamba moyo na figo ni vitu viwili mbalimbali. Lakini mwanamke aliyechinja kuku tangu utotoni anajua kwamba vya tumboni hukaa kwa mpango wake, kila kimoja kina jirani yake, na moyo ukihamia upande wa pili hauhami peke yake.

Dakika mbili. Juu ya dari ukasikika mvumo mzito, wa polepole. Ilikuwa Mikono ikijinyoosha.

Dakika moja. Bwana Gwakisa alisema jambo. Subilaga alifuta dole lake kwenye sketi. Akaliinua. Akalipeleka kwenye kile kidude cheusi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayemtii mama yake.

Huo uso ndio uliomwinua Mama Subi. Kapu lilianguka, ndizi zikatambaa sakafuni, naye akakifikia kioo na kukipiga kwa viganja vyote viwili.

"Subi! Usiweke! Moyo wake uko kulia! Mkewe kaniambia, unagonga kulia, miaka thelathini na miwili! Nimekudanganya, mwanangu, usiweke!"

Ukumbi mzima ukasimama.

"Mama, hapa ni hospitali!" Bwana Gwakisa alifoka. "Mlinzi!"

Lakini Subilaga alikuwa amekwisha kurudisha mkono. Aliuficha kwapani, kama mtoto anayeficha kidonda, akasema kwa sauti isiyotetemeka hata kidogo:

"Nakataa."

*

Utepe ulipoisha haukugeuka kijani. Ukawa mweupe, na mvumo wa juu ukakatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kigeni hospitalini pale. Hata watoto walikisikia.

"Umejimaliza," Bwana Gwakisa alisema, na kwa kweli hakusema kwa ubaya. "Una robo saa. Baada ya hapo picha mbichi inafutika yenyewe, na wewe unafutika nayo."

Picha mbichi ni ile Msomi anayoipiga kabla hajaisafisha. Kuifungua kulitaka ufunguo wa daktari mkuu, na daktari mkuu hakuwa ameshuka ghorofa ya chini tangu Mikono iletwe, ufunguo alimpa mtu wa kumtuma. Safari hii alishuka. Daktari Ikupa alikuja kwa ngazi, joho la kijani, glavu mikononi, Bi Sekela akimfuata nyuma na viatu vya mumewe kifuani.

"Nani amekataa?"

"Mimi, daktari. Subilaga."

"Sababu."

Subilaga alimweza. Maneno yalimtoka moja baada ya jingine bila kukimbia. "Chuoni tulifundishwa kwamba zamani wapiga picha walikuwa wakikosea kumlaza mgonjwa, kichwa kinaelekea miguuni, picha inatoka kinyume. Kwa hiyo waliomtengeneza Msomi walimfundisha: ukiona moyo uko kulia, ujue binadamu amekosea, pindua picha. Anapindua kimyakimya. Kwa watu wote hiyo ni sawa. Lakini mtu aliyezaliwa moyo wake uko kulia kweli, Msomi anampindua naye. Figo yake mbovu ya kushoto inaandikwa kulia. Mikono inatoa nzima, inamwachia iliyooza."

Daktari aliingia chumba cha Msomi. Alikwenda kitandani alikokuwa bado amelala Mzee Ambindwile akisubiri kupandishwa juu, dawa za usingizi zimeanza kumlegeza. Akavua glavu. Akaweka kiganja kitupu kifuani kwa mzee, kushoto. Akangoja. Akakihamisha kulia. Akangoja tena, na watu waliobandika pua kwenye kioo waliona mabega yake yakishuka.

"Daktari," mzee alisema kwa ulimi mzito, "mke wangu ana wivu."

Kicheko kilipasuka ukumbini. Bi Sekela ndiye aliyecheka na kulia kwa pamoja, akijifuta kwa soli ya kiatu bila kujua.

Daktari Ikupa akazungusha ufunguo. Picha mbichi ikajaa kwenye ukuta wa kioo, kubwa, kila mtu akaiona: moyo upande wa kulia, ini upande wa kushoto, mtu mzima aliyepangwa kama sura kwenye kioo cha kujitazamia. Uvimbe ulikuwa umeikalia figo ya kushoto kama ngumi. Na ubavuni, jirani na figo hiyo hiyo, ule uchafu alioufuta Msomi kwenye ripoti uling'aa mweupe kuliko mifupa yote: herufi S, ya shoto, na chini yake herufi za jina la binti.

"Kushoto," Daktari Ikupa alisema. Akasema tena, polepole, kama anayejifunza neno. "Kushoto. Nitapasua mwenyewe, na nitamwangalia." Kisha akamgeukia Bi Sekela. "Mama, miaka yote hiyo hukumwambia daktari yeyote?"

"Hakuna aliyeniuliza," Bi Sekela alijibu. "Na nyumbani nilikatazwa."

"Mficha uchi hazai," alidakia bibi mmoja aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, na wengi wakaitikia "kweli."

*

Saa nane mchana Mzee Ambindwile alikuwa wodini na figo yake nzima, akidai chai. Wakati huohuo Daktari Ikupa alishuka tena. Alikuwa amezifungua kumbukumbu za mwaka mzima: Msomi alipindua picha mara kumi na moja. Watu hao wote wangeitwa. Kuhusu kijana aliyefungiwa leseni, picha yake mbichi, ile ambayo haikuonekana kasoro, ilikwisha futika zamani. Aliyetumwa kuitazama aliitazama kwa haraka, akaacha kazi, na sasa hapakuwa na wa kuulizwa. Daktari aliliandika hilo nalo, kwa mkono wake.

"Subilaga, unataka kazi gani hapa?" aliuliza mbele ya watu wote. "Sema."

Mama Subi alihisi neno likimpanda kooni: kubali chochote, mwanangu, kubali kabla hajabadili mawazo! Akalimeza. Lilikuwa kubwa, likamkwaruza, lakini lilikwenda chini.

"Nitabaki kama picha mbichi itafunguliwa kila siku, kwa kila mgonjwa," Subilaga alisema. "Na kukataa kusiwe kosa. Si kwangu tu. Kwa waweka dole wote. Pasipokuwa hivyo nabeba kisanduku, napanda vilimani kesho asubuhi."

Bwana Gwakisa alikohoa. Daktari Ikupa akatoa ufunguo shingoni mwake, akauweka juu ya meza ya kibanda. Makofi yalianzia kwa Bi Sekela, yakashika ukumbi, mlinzi naye akapiga, akisahau kwamba aliitwa kumtoa mtu.

Makofi yalipopungua, Mama Subi alikwenda kwenye tundu la kusemea. Hakumtazama mwanawe usoni.

"Nilijua, Subi. Uliponiuliza, nilijua. Nikakaa nalo dakika tatu nzima. Nilikuwa nakuokoa wewe, nikamuuza yule baba wa watu."

Subilaga alisukuma kiti nyuma. Kisha akatoka kwenye kibanda na kusimama mbele ya mama yake bila kioo katikati yao.

"Na mimi nilijua, mama. Herufi niliibandika mwenyewe. Ungechelewa pumzi moja, dole langu lingekuwa ndani."

Walisimama hivyo, mama na binti. Hakuna aliyemsamehe mwenzake kwa maneno. Mama alimshika mkono tu, akautazama kama siku alipozaliwa, alipokuwa akimhesabu vidole.

Kipaza sauti kikaita mgonjwa aliyefuata. Alikuwa yule bibi wa benchi la nyuma. Alijikongoja kuelekea mlango wa Msomi, kama walivyozoea wote, kulala na kupigwa picha bila kusema neno. Subilaga akamkatiza njia, akavuta kile kiti cha magurudumu kutoka kibandani, akamkalisha, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Kabla ya mashine, niambie mwili wako."

Bibi akageuka kutazama nyuma, aone ni nani anayeulizwa.

"Mimi?"

"Wewe."

"Nianzie wapi sasa?"

"Popote."

Bibi akavuta pumzi, akaanzia siku aliyozaliwa, na hakuna aliyemkatiza.